Mti wa Krismasi mbichi: usiuchukue katikati ya shamba

Mnyalu wa Kihesa (mwenye uzi):

Wakuu, kamwene.

Desemba imeingia, mvua zimekolea, na kama kila mwaka simu zimeanza: "Shem, wewe si upo Iringa, huko miti imejaa, nitafutie mmoja wa Krismasi." Watu wanadhani kwa kuwa tumezungukwa na misindano (paini), basi mtu anatoka asubuhi na panga na saa nne anarudi na mti kama wa kwenye kadi. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka mwaka ule nilipouingiza ndani mti nilioukata shambani kwa binamu kule Mufindi. Mama watoto aliuzunguka, akanyamaza, kisha akauliza: "Huu ndio wenyewe, au ni nguzo tu na mti unakuja?"

Alikuwa na haki. Futi tisa za shina, kishungi juu. Mapambo yote yakaishia kwenye kile kishungi, yakajazana pale kama kuku wanaokimbia siafu.

Kosa langu nimelielewa baadaye, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Nilikata mti wa katikati ya shamba. Miti ya mbao inapandwa kwa nafasi, wengi huku wanatumia mita 3 kwa 3, na ikishafungana kila mmoja unakimbilia juu kutafuta mwanga. Matawi ya chini yanakosa jua, yanakauka. Yasipokauka, mwenye shamba anayapogolea mwenyewe kwa sababu anataka mbao isiyo na vifundo. Yaani kinachomfurahisha yeye ndicho kinachokuharibia wewe. Mti mnyoofu, msafi, usio na matawi ni hela kwake. Kwako ni nguzo.

Mti wa sebuleni unatafutwa pembezoni. Kwenye ngoro (njia ya kuzuia moto), kwenye kingo za barabara ya shamba, kwenye kona. Wa pembezoni umepata jua upande mmoja, kwa hiyo upande huo umejaa matawi mpaka chini, na ule wa ndani umepukutika. Watu wengi wakiona hivyo wanauacha. Mimi ndio huo nautaka! Sebuleni kwako mti unakaa wapi? Unaegemea ukuta au unaingia konani. Ule upande mbaya unaugeuzia ukutani, na hakuna mgeni atakayejua. Ukipata uliosimama peke yake kwenye ngoro, umejaa pande zote, hapo umeokota embe chini ya mnazi.

Sasa aina. Tunaposema paini huku mara nyingi ni patula, ile yenye sindano ndefu laini zinazoning'inia kama nywele zilizolowa. Inapendeza ukiwa unaiangalia kutoka kwenye basi. Ndani ya nyumba ni mtihani: ukitundika kitu kinateleza, tawi linainama, na utomvu unadondoka kwenye vitambaa vya makochi. (Utomvu ukikushika mikononi usihangaike na sabuni. Paka mafuta ya kula, sugua, ndipo unawe.) Mimi nachagua msaipresi kila mwaka. Hauna sindano, una vijigamba vidogo vilivyobanana, matawi yake ni mengi na magumu kiasi cha kubeba taa, na ile harufu yake ndiyo Krismasi yenyewe kwa mtu aliyekulia huku. Na si lazima uende shamba la miti kuutafuta. Angalia uzio. Shule, misheni na nyumba za zamani nyingi zimezungushiwa misaipresi, na mwenye uzio anayetaka kuupunguza hatakunyima mmoja wa mwisho wa mstari ukimwomba kwa adabu na soda mkononi.

Kabla hujakata, fanya haya. Panua matawi kwa mikono uangalie ndani karibu na shina. Ukahawia kidogo kwa ndani kabisa ni uzee wa kawaida. Lakini ukiona tawi zima limegeuka kahawia mpaka nje, kuna kitu kinanata, na weusi kama masizi juu ya magamba, uache. Hao ni vidukari wa misaipresi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Walionekana Malawi mwaka 1986, wakasambaa Afrika Mashariki na kuua misaipresi mingi, na mpaka leo utakuta uzio wenye mapengo kama meno ya bibi. Mti wa namna hiyo ukiuingiza ndani utapukutika kabla hata pilau halijaiva.

Kisha sugua kitawi kati ya vidole. Kikiwa kibichi kinapinda na harufu inabaki mkononi. Kikisagika kama majani ya chai, huo si wa kwako.

Kipimo: nje kila mti unaonekana mdogo, kwa sababu unaulinganisha na mbingu. Simama chini yake unyooshe mkono juu. Kwa mtu wa kimo cha kawaida, ncha za vidole ni mita 2 na kidogo. Mti usivuke hapo sana, maana bado kuna ndoo chini na nyota juu, na silingi bodi haina huruma. Angalia na upana. Mti wa mita 2 uliojaa unaweza kuwa na zaidi ya mita moja kutoka ncha mpaka ncha, na sebule zetu tunazijua.

Ukishaukata, hapa ndipo wengi wanapouua. Shina lililokatwa linajiziba kwa utomvu ndani ya saa chache. Kwa hiyo ukifika nyumbani, kabla hujauweka, kata tena kipande cha chini, sentimita 2 au 3, kwa msumeno, mkato wa moja kwa moja, halafu uingize majini hapohapo. Usichonge gamba la shina ili litoshee kwenye ndoo, maana sehemu inayonyonya maji iko karibu na gamba. Maji ya bomba yanatosha. Sukari, panadoli, Sprite, hayo ni ya watu wasio na kazi.

Kisimamio cha dukani sijawahi kununua. Chukua ndoo ya rangi ya lita 20, simamisha mti katikati, mtu mmoja aushike, mwingine apange mawe makubwa kuzunguka shina, kisha kokoto mpaka juu. Sio mchanga mtupu, mchanga ukilowa mti unaanza kulala taratibu kama mlevi. Mwaga maji mpaka uyaone yanang'aa juu ya kokoto. Funga ndoo kwa kitenge. Mwaka jana niliweka jioni, asubuhi nikakuta maji yameshuka kiganja kizima. Siku ya kwanza unakunywa kama ng'ombe aliyetoka Usangu, baadaye unapunguza, lakini usiache yakauke hata siku moja. Ukikauka mara moja, shina linajiziba tena na hutaweza kuufufua.

La mwisho ni ruhusa. Msitu wa serikali usiguse. Sao Hill, Kawetire, Kiwira, yote hayo yako chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haina kipengele cha "nilikuwa nachukua mmoja tu wa watoto". Nunua kwa mtu mwenye shamba lake. Mimi huomba aniandikie karatasi, na mwenyekiti wa kijiji agonge mhuri, kwa sababu mti mbichi juu ya keria unaonekana toka mbali.

Naomba kuwasilisha.

Fundi Mbao Mafinga:

Mkuu umenena, ila nakuongezea moja na nakukosoa moja.

La kukosoa: umesema kata wa pembezoni. Mwenye shamba anayejua kazi hatakuuzia wa pembezoni kirahisi, hiyo ndiyo inayozuia upepo usiingie ndani ya shamba. Muulize kwanza. Mara nyingi atakuonyesha maotea, yale yaliyojiotea yenyewe kwenye kingo za barabara na kwenye makorongo. Hayo anayafyeka kila mwaka bila kulipwa, na yanakuwa yamejitanua vizuri kwa sababu hayakubanwa.

La kuongeza: kila siku huku tunaangusha miti mikubwa. Tunachukua magogo, vilele vinabaki chini. Kilele cha msaipresi wa miaka 20 ni mti wa Krismasi kamili, umechongoka, umejaa, mita 2 unazotaka. Kinaoza pale. Njoo siku watu wanavuna, utapewa bure au kwa hela ya maji. Sharti uje siku ileile mti unapoanguka, sio wiki moja baadaye.

Na tafadhali, kuna vijana wanapanda mti uliosimama wanakata kilele usiku. Mti ukikatwa kilele unatoa vichwa viwili vitatu, mbao inaharibika yote. Mtu amesubiri miaka kumi na kitu, wewe umempa hasara kwa ajili ya taa za kumetameta.

Mnyalu wa Kihesa:

Fundi, hili la vilele sikuwahi kulifikiria, na nimepita kwenye makatio mara mia. Nimekubali. Mwaka huu naanzia kwako.

Dada wa Uyole:

Asanteni kaka zangu. Mimi niko Mbeya, kukata mti naona huruma. Nataka ulio hai, kwenye kiriba (kile kifuko cha mche), nikimaliza sikukuu niupande. Kuna kitalu njiani wanayo miche ya kila aina. Mwaka juzi nilijaribu: nilimwambia kijana aning'olee msindano wa kifuani kwenye shamba la baba, tukaupachika kwenye ndoo. Mwaka Mpya ukaukuta umeshakuwa kuni. Nilikosea wapi?

Mnyalu wa Kihesa:

Dada, ulikosea kwenye kung'oa. Msindano wa kifuani una mzizi mkuu uliokwenda chini, kijana alikata huo pamoja na vinyweleo vyote vya pembeni, akakuletea matawi mengi juu ya mizizi kiduchu. Usingepona hata ungeumwagilia maziwa.

Chagua uliokulia kwenye chombo chake tangu mche. Usitamani mkubwa. Wa magotini mpaka kiunoni unatosha, uweke juu ya meza au stuli, unakuwa mrefu wenyewe. Geuza kiriba uangalie chini: mizizi michache iliyochungulia si neno, lakini ikiwa imejizungusha kama chapati za maji basi umekaa humo muda mrefu mno. Na uhakikishe una matundu ya kutoa maji.

Ndani usiuweke zaidi ya siku kumi hivi. Sebule zetu zina giza kwa mti, ukizoea kivuli halafu ukautoa ghafla juani unaungua. Ukiutoa, uweke kwanza barazani siku kadhaa. Udongo uwe na unyevu, usiogelee. Bahati yetu ni kwamba Krismasi yetu inaangukia katikati ya msimu wa kupanda. Mzungu akiupanda wake Januari anapambana na barafu, wewe una mvua mpaka Aprili.

Ila fikiria pa kuupanda. Msaipresi haubaki kuwa wa Krismasi, unapanda mpaka mita 20 na zaidi. Jirani yangu aliupanda mita moja kutoka kwenye ukuta wa jikoni, chini ya waya wa umeme. Sasa ana msaipresi na hana ukuta.

Mzee wa Rungwe:

Vijana mnanikumbusha mbali. Wamoraviani walifika kwetu Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huohuo. Wote Wajerumani, na mti wa Krismasi ni mila yao tangu zamani. Nilipokuwa mtoto, ule wa kanisani ulikuwa msaipresi hivyohivyo, na taa zake zilikuwa mishumaa ya kweli, imebanwa kwenye matawi kwa vibanio vya bati. Pembeni alisimama mzee wa kanisa na ndoo ya maji na tambara lililofungwa kwenye fimbo. Haimbi. Haombi. Kazi yake ni kutazama mishumaa tu. Sisi watoto tulikuwa tunamwangalia yeye kuliko tulivyomwangalia mchungaji.

Kwa hiyo umeme ukikatika, msijaribu kuweka mshumaa kwenye mti. Wekeni mezani, mbali. Na hizi taa ndogo za siku hizi zizimeni mnapokwenda kulala.

Jambo la pili, kuna mtu atakuja hapa kusema ni mti wa Kizungu. Patula na msaipresi huu tulionao, yote asili yake ni Mexico. Huo wa Ulaya wenyewe ni mwingine kabisa. Wanaoupenda sana sasa unaitwa Nordmann, asili yake milima ya Kaukasi, na wanaulipia ghali kwa sababu haupukutishi sindano haraka. Unachukua miaka minane, kumi, kufika kimo cha mtu. Sisi patula inafika hapo ukiwa bado unadaiwa hela ya miche.

Mjumbe wa Kweli:

Someni Yeremia 10, mstari wa 3 na wa 4. Mti unakatwa mwituni, unapambwa kwa fedha na dhahabu. Upagani mtupu huu.

Mzee wa Rungwe:

Mwanangu, hapo nabii anasema juu ya sanamu za kuabudiwa. Endelea na mstari wa 5 uone kama mti wako unahitaji kubebwa. Tusiharibu uzi wa watu.

Shem wa Tabata:

Shem Mnyalu nimekuona, simu zenyewe ni zangu! Sasa nisaidie, nikiletewa kwa basi utafika? Huku Dar tumezoea kupamba mivinje, mwaka huu nataka msaipresi.

Mnyalu wa Kihesa:

Shem, nimeshawahi kujaribu na nilijuta. Niliufunga vizuri, nikaukabidhi kwenye basi moja hapo stendi, wakaniambia utasimamishwa. Ukalazwa kwenye buti chini ya magunia ya viazi, ukashuka nao mlima Kitonga, ukakaa na joto la Morogoro, na umbali wa kilomita kama 500 kwa jumla. Aliyeupokea alinitumia picha. Ulikuwa bapa kama samaki wa kubanika.

Ukilazimika, mti uwe mdogo, mita moja na nusu mwisho. Matawi yafungwe kwa kuelekezwa juu, sio chini, kwa kamba ya katani inayozunguka kutoka kwenye shina. Mwisho wa shina uviringishwe gunia lililolowa, juu yake mfuko wa plastiki. Uwe mzigo wa mwisho kuingia. Wewe ukiupokea, usikimbilie kupamba: kata tena chini, uuache kwenye ndoo ya maji kivulini usiku mzima, ndipo uuingize ndani. Na huko kwenu, usiuelekezee feni. Upepo wa feni unakausha mti haraka.

Lakini kwa ushauri wangu, shem, baki na mvinje wako. Umetoka jirani, ni mbichi, watoto hawatajua tofauti.

Shem wa Tabata:

Watoto hawatajua. Mke wangu je?

Fundi Mbao Mafinga:

Huyo mpe kiriba.

Mnyalu wa Kihesa (tarehe 20):

Mrejesho wakuu. Jana nilikwenda Mafinga, nikamkuta Fundi kazini kweli. Wameangusha msaipresi mmoja mkubwa saa mbili asubuhi, kilele kikatua juu ya majani, hakikuvunjika hata tawi. Nimekata mita 2 juu kabisa. Kina koni chache zimejibandika kwenye vitawi, kama mapambo ya bure. Kasoro yake moja, shina la kilele ni jembamba, ndoo ya kokoto peke yake haikulishika, ikabidi niongeze vipande viwili vya mbao kwa msalaba mdomoni mwa ndoo na kuvifunga kwa waya. Mama watoto ameuzunguka mara mbili. Hajasema kitu. Kaenda kuleta taa.

Dada wa Uyole (tarehe 22):

Kaka, mimi nilifuata ushauri wote. Mche wa kiunoni, kiriba kina matundu, mizizi safi, nimeuweka juu ya stuli karibu na dirisha. Watoto wamepamba jana. Leo asubuhi bibi yao amekaa kochini anakunywa chai, akaona pambo moja la kijani linageuza jicho.

Ni kinyonga, jamani. Kumbe nimekuja naye toka kitaluni. Bibi yuko nje kwenye mvua na mwavuli, anasema harudi ndani mpaka kitoke kile kitu au itoke Krismasi yenyewe. Nifanyeje?

Mzee wa Rungwe:

Usimpige, mama, hana sumu wala hamdhuru mtu. Mwekee kijiti kirefu mbele ya miguu yake, taratibu, atapanda mwenyewe. Ukishaona ameshika kwa miguu yote minne, mtoe nje umweke kwenye kichaka. Halafu upukutishe mti nje kabla hujaurudisha.

Mnyalu wa Kihesa:

Nimesahau kuliandika hilo kwenye uzi. Kila mti unaoingia ndani utikise kwanza nje, upige chini mara mbili tatu. Siafu, buibui, hata viota. Samahani sana dada, na bibi umpe pole.

Dada wa Uyole:

Amekubali kijiti. Nilimtoa mpaka mlangoni vizuri kabisa, nikapiga chafya.

Sasa yuko kwenye pazia.